Kabla hujanunua nembo ya ukoo wa Medina

Mwanangu ni Medina kwa upande wa babake. Kila nikienda naye Mombasa huulizwa, "Kwani mumeo ni mtu wa Madina?" La, ni mtu wa Cádiz, kusini mwa Uhispania, na kwao wote ni Wakatoliki. Ila anayeuliza hajapotea sana.

Neno ni lile lile la Kiarabu, madina, yaani mji. Waislamu waliingia Uhispania mwaka 711, na hata Granada, dola yao ya mwisho huko, ilipoanguka mwaka 1492 majina ya miji yalibaki: Medina Sidonia huko Cádiz, Medina del Campo na Medina de Rioseco huko Valladolid. Jina la ukoo lilizaliwa pale mtu alipohama. Ukitoka Barawa ukaja Lamu utaitwa Barawi, lakini ungali Barawa nani atakuita hivyo, na kila mtu ni wa huko huko? Kwa hiyo akina Medina ni kizazi cha walioondoka, na kwa kuwa miji ilikuwa kadhaa, wawili wakikutana si lazima wawe na babu mmoja.

Mimi hilo nililijua baada ya kuliwa pesa. Nilimnunulia mavyaa wangu "nembo ya ukoo wa Medina" mtandaoni, ngao na fremu ya rangi ya dhahabu. Aliitazama, akacheka mpaka akatafuta kiti. "Mwanangu, sisi tulikuwa vibarua wa kuchuma zeituni." Nembo hizo zilikuwa za mtu na kizazi chake, si za kila mwenye jina. Fremu sasa ina picha ya mtoto.

Ukitaka kweli kuwatafuta mababu, anza na majina mawili. Mhispania hubeba la baba na la mama, na mke habadili lake akiolewa. Isaías Medina Angarita, aliyekuwa rais wa Venezuela, alikuwa Medina kwa baba na Angarita kwa mama. Nilipoteza wiki nzima nikimsaka nyanya wa mume wangu kwa jina la mumewe! Kwa watoto wa siku hizi usikisie: tangu 2017 wazazi huafikiana lipi litangulie.

Kisha tafuta kijiji. Daftari za serikali zilianza 1871. Za kabla ya hapo ni za ubatizo, kanisani. Huko nyuma ndugu wa tumbo moja waliweza kuwa na majina tofauti, mmoja akachukua la nyanya yake. Usimfute mtu kwa sababu hiyo. Angalia pia herufi D, maana wengine waliandikwa "de Medina".

Idara ya takwimu ya Uhispania, INE, hukuonyesha bure jina limejaa mkoa gani. García wamepita 1,400,000. Medina hawafiki karibu na hapo, ila wamesafiri: Visiwa vya Canary, Meksiko, Kolombia, Jamhuri ya Dominika iliyoongozwa na Danilo Medina kuanzia 2012 hadi 2020. Wala jina halikuambii dini: Solomon de Medina, aliyepewa cheo cha "Sir" Uingereza mwaka 1700, alikuwa Myahudi. Na Ufilipino, gavana Narciso Clavería aliamuru mwaka 1849 watu wagawiwe majina kutoka kwenye orodha, kwa hiyo huko jina la Kihispania peke yake halikuambii damu.

Sisi tumefika 1842, kwa kibarua mmoja. Mstari unaotaja alikotoka babake umeandikwa na padri mwenye mwandiko wa kuku, na mavyaa wangu ameshabadilisha miwani mara mbili.