Mtoto katoka Goma, darasani anafeli, ni uzembe?

SWALI: Mwalimu shikamoo. Naishi na mtoto wa wifi yangu hapa Uyole, ana miaka 12, alikuja baada ya waasi wa M23 kuiteka Goma, kule Kongo, Januari 2025. Kule alikuwa anashika nafasi za juu, hapa yuko la tano hesabu anapata 20, usiku halali, mlango ukijibamiza na upepo anaingia chini ya meza. Mwalimu wake anasema ni mzembe na kugawanya anaandika kinyumenyume, mjomba wake anataka arudishwe la tatu. Tufanyeje? (Mama mlezi, Mbeya)

JIBU: Marahaba mama, poleni sana. La tatu msimrudishe jamani, huyo siyo mzembe hata kidogo.

Nianze na hiyo kugawanya mana imeniuma. Kongo wanafundisha kwa mtindo wa Wabelgiji, namba ya kugawia inakaa kulia na jibu chini yake, sisi tunaiweka kushoto na jibu juu, na desimali wao wanaweka mkato, yani 3,5 badala ya 3.5. Fungua daftari lake leo uangalie zile alizokoseshwa, jibu la mwisho ni sahihi au siyo? Halafu nenda nalo kwa mwalimu, mkae mzungumze taratibu.

Kuna na muda aliopoteza. UNICEF walisema Februari 2025 shule zaidi ya 2,500 zimefungwa huko mikoa ya Kivu na Ituri, mashariki mwa Kongo, kwahiyo kuna mada hajafundishwa kabisa, muulize aliishia wapi muanzie hapo.

Ila kubwa zaidi ni usingizi na hofu. Mtoto aliyesikia mabomu anakaa darasani masikio yako nje, anasikiliza kila kishindo, mwalimu anaongea hamsikii, na asipolala hata alichoelewa jana kinapotea. Fimbo hapo ndo inaharibu kabisa. Asilale peke yake, mvua ikianza mwambie mapema kwamba radi itapiga na bati litalia, darasani aombewe kukaa sehemu anayouona mlango. Habari za vita msimlazimishe kusimulia, akianza mwenyewe msikilize. Akiendelea kutolala mpeleke Hospitali ya Rufaa ya Kanda pale mjini, uulizie afya ya akili.

Na mjomba wake, jioni akae naye amwonyeshe kugawanya kwa mtindo wetu, akianza na zile ambazo mtoto anazipata kwa mtindo wake.