Kuhusu kumrekodi bibi yako

Mwanangu mpendwa,

Umeniuliza kama kuna faida kumrekodi bibi yako akiongea lugha yetu, ilhali wanaoijua wamebaki wachache na mwanao hataiombea kazi popote.

Mimi linaloniumiza ni jingine: nani alitunyamazisha? Kile kibao unakijua. Cha mbao, kamba ya katani, unavishwa shingoni ukisikika shuleni ukisema lugha ya nyumbani, na hukivui mpaka umnase mwenzako. Atakayekutwa nacho jioni anachapwa. Mimi nilivishwa kwa sababu mjomba wako alianguka uwanjani nami nikampa pole. Pole tu! Kamba ilikuwa bado mbichi kwa jasho la aliyenitangulia. Wales nako, karne ya 19, watoto walitundikwa kibao cha namna hiyo hiyo. Ndiyo maana sichoki kusema: lugha haifi, huaibishwa mpaka ikanyamaza.

Sasa kurekodi. Tevfik Esenç wa Uturuki, msemaji fasaha wa mwisho wa Kiubykh, alifariki mwaka 1992. Wataalamu walikuwa wamekaa naye miaka mingi, wakaandika na kunasa sauti yake, lugha yenye konsonanti zaidi ya 80. Kanda zipo. Wa kumwitikia hayupo. Nikifikiria hilo naona bora mtoto mmoja anayejibu kuliko kabati zima la kanda.

Lakini hapo hapo najipinga. Wawampanoag wa Marekani walikaa zaidi ya karne bila msemaji hata mmoja. Mwaka 1993 Jessie Little Doe Baird akaanza kuifufua lugha yao kwa maandishi ya kale, ikiwemo Biblia iliyochapwa 1663, na binti yake akakua akiisema tangu utotoni. Bila yale makaratasi angeanzia wapi? Kwa hiyo siwezi kukwambia kanda ni bure. Hata hivyo, yule mama hakuishia kwenye makaratasi. Aliongea na mwanawe.

Mtoto ni wako na baba yake, sikuamulii, ingawa ulimi unaniwasha. Ila mkija likizo, mpange alale chumba cha bibi. Bibi huanza hadithi taa ikizimwa, na huwa hasemi mpaka asikie mtu akimwitikia. Simu yako iweke dirishani, inase wote wawili.

Mama yako