Una saratani na watu wanakuambia korona imeisha

Juzi nilipata ujumbe wa dada mmoja anayesoma maandishi yangu. Mama yake amekutwa na limfoma, aina ya saratani ya damu, dripu ya kwanza ya dawa iko karibu, na muuguzi amewauliza kama mama ameshachanja korona. Nyumbani sasa hawaelewani. Kaka mkubwa anasema korona ilishapita, mgonjwa aachwe apumzike. Shangazi anasema chanjo itaiamsha saratani. Mama mwenyewe hasemi kitu. Na huyu dada, ambaye ndiye anayemuuguza, ameniuliza swali fupi tu: "Wewe ulifanyaje?"

Dada yangu, nitakujibu kwa urefu, kwa sababu ugonjwa wa mama yako ndio niliougua mimi, na hayo maneno ya kaka na shangazi niliyasikia yote nikiwa sina hata unywele mmoja kichwani.

Niliugua mwaka 2021. Nilipewa kemo (kemotherapi) pamoja na dawa iitwayo rituksimabu, na kama mama yako naye ameandikiwa hiyo, sikiliza vizuri hapa. Rituksimabu huzisaka seli B, aina ya chembe nyeupe za damu ambazo ndizo zinazogeuka kuwa saratani katika limfoma nyingi. Inaziua zilizoharibika na zilizo nzima bila kubagua. Seli B hizohizo ndizo zinazoutengenezea mwili kingamwili, protini za kupambana na vijidudu. Ukichanjwa wakati hazipo, chanjo inakuwa mwalimu aliyeingia darasani akakuta madawati matupu. Na hazirudi kesho yake: baada ya dripu ya mwisho inaweza kupita miezi 6 au zaidi kabla mwili haujaanza tena kuitikia chanjo vizuri.

Ndiyo maana nilihangaika nichanjwe kabla ya kuanza matibabu. Hakuna aliyenikumbusha. Niliuliza mwenyewe, nikauliza tena, mpaka daktari akafungua kalenda tukapanga. Najivunia hilo mpaka leo. Kwa kawaida madaktari wanapenda chanjo itangulie kemo kwa wiki 2 angalau, lakini saratani ikiwa inakimbia, matibabu hayasubiri chanjo. Mwambie kaka yako hivyo pia, asije akaligeuza neno langu kuwa sababu ya kumchelewesha mama.

Agosti 2021 Marekani iliporuhusu dozi ya tatu kwa watu wenye kinga dhaifu, na Oktoba mwaka huohuo Shirika la Afya Duniani likatoa ushauri kama huo, nilirudi kwa daktari kuiomba. Nilikuwa katikati ya dripu zangu. Alinieleza kwamba kingamwili huenda zisitoke kabisa, lakini mwili una seli T, aina nyingine ya chembe nyeupe, ambazo rituksimabu haizilengi, nazo hujifunza kukitambua kirusi kwa njia yao. Kinga nusu si sawa na kutokuwa na kinga. Nikachanja.

Sasa nikueleze kilichoniumiza.

Kuna ndugu yangu wa karibu, simtaji, alikuja kuniona anakohoa. Nilikuwa nimeketi dirishani na barakoa yangu. Akakaa kitandani pembeni yangu, akajifuta pua kwa leso, akanishika mkono kwa mkono uleule. Nilipomwomba asogee kidogo, akamgeukia mke wangu akasema, "Siku hizi anatuona sisi ndio ugonjwa." Watu wote chumbani wakanyamaza. Akakaa palepale mpaka alipoaga, akisema ni mafua tu.

Siku chache baadaye kipimajoto kilisoma 38.4, usiku. Nilipofika hospitali mtu wa mapokezi alininyooshea kidole kwenye benchi nikae na wengine. Mke wangu alisimama mbele ya dirisha lake akasema kwa sauti: "Huyu yuko kwenye kemo na ana homa." Sentensi hiyo ndiyo iliyotufungulia mlango, na nakuomba uikariri. Mtu aliye kwenye kemo akifikisha nyuzi 38, hiyo ni dharura, iwe korona, iwe bakteria, hata iwe siku ya pili baada ya chanjo. Usimpe dawa ya kushusha homa ukalala ukisubiri asubuhi. Muuguzi alipoleta majibu ya damu, alipitisha ncha ya kalamu mpaka kwenye mstari wa neutrofili, chembe nyeupe zinazopigana na bakteria, akauzungushia duara mara mbili. Zilikuwa chini sana. Nikaanzishiwa antibayotiki mshipani kabla hata kipimo cha korona hakijarudi. Kiliporudi kilikuwa chanya, nikaongezewa remdesiviri, dawa ya kukizuia kirusi.

Nilipona, Mungu ni mwema. Ila kirusi hakikutaka kuondoka. Vipimo viliendelea kuwa chanya muda mrefu baada ya kikohozi kuisha, kwani mtu asiye na seli B hukisafisha taratibu mno. Na dripu iliyofuata ikaahirishwa. Hapo ndipo hasira yangu ilipo mpaka leo. Watu wanadhani hatari ya korona kwa mwenye saratani ni kifo tu. Hawafikirii kwamba hata isipokuua inaweza kukunyang'anya ratiba ya dawa zinazokuponya. Ndugu yule hajawahi kunitaka radhi, nami sijamdai.

Hatari hiyo haiko sawa kwa wagonjwa wote, na hili nalisema ili usimtishe kila mwenye saratani unayemjua. Aliyemaliza matibabu ya saratani ya titi miaka mingi iliyopita hayuko mahali alipo mama yako. Walio hatarini zaidi ni wenye saratani za damu, yaani lukemia, limfoma na mayeloma, waliopandikizwa uboho, walio kwenye kemo sasa hivi, wenye saratani ya mapafu, na wanaotumia steroidi kwa dozi kubwa. Mwanzoni kabisa, Mei 2020, jarida la Lancet lilichapisha utafiti wa wagonjwa 928 wa saratani waliopata korona Marekani, Kanada na Hispania: asilimia 13 walifariki ndani ya siku 30. Wakati huo hakukuwa na chanjo. Mimi nimeugua nikiwa nimechanja, na niko hapa naandika.

Shangazi tumheshimu, maana hofu yake ina pa kuanzia. Ni kweli zipo chanjo ambazo mtu aliye kwenye kemo hapewi: zile zenye kirusi hai kilichodhoofishwa, kama ya surua na ya homa ya manjano. Chanjo za korona zinazotumika sana, za Pfizer na Moderna, hazimo humo. Zinabeba mRNA, ujumbe unaosomwa na seli kisha unavunjika baada ya muda mfupi, wala hauingii kwenye kiini cha seli zinakokaa jeni. Hauna pa kuiamshia saratani. Mwambie pia kwamba Uğur Şahin na Özlem Türeci, mke na mume walioanzisha BioNTech mwaka 2008, walikuwa wanatafuta tiba ya saratani kwa mRNA miaka mingi kabla korona haijasikika.

Na kaka naye: tarehe 5 Mei 2023 Shirika la Afya Duniani lilitangaza mwisho wa dharura. Dharura, siyo kirusi. Mwaka huohuo shirika hilo liliwaweka watu wenye kinga dhaifu kwenye kundi la kwanza la kupewa dozi za nyongeza, miezi 6 au 12 baada ya ile ya mwisho. Kama kweli anampenda mama, achanje yeye. Mchanje nyote mnaokula sahani moja naye. Chanjo ya mama inaweza kushika nusu, na hiyo nusu nyingine mtaijaza nyinyi kwa kuchanja, kwa kuvaa barakoa mkiwa na mafua, kwa kufungua madirisha, kwa kumwambia mgeni anayekohoa arudi wiki ijayo. Mtaitwa wenye kiburi. Waacheni wawaite hivyo, lakini mlangoni asipite mtu anayekohoa. Nasema tena: asipite.

Mkishaonana na daktari, ulizeni mapema nini kifanyike akiambukizwa. Kuna vidonge vya korona viitwavyo Paxlovid ambavyo huanzwa ndani ya siku 5 tangu dalili zianze, kwa hiyo anayesubiri "tuone kwanza" anapoteza dawa. Ndani yake mna dawa ya ritonaviri, inayogongana na dawa nyingi, zikiwemo baadhi za saratani. Andika kila anachomeza mama kwenye karatasi moja, uibebe. Na kama siku moja atapandikizwa uboho, ajue kwamba chanjo zake zote huhesabiwa upya, na za korona kwa kawaida huanza tena kuanzia miezi 3 baadaye.

Na achanjwe mkono gani? Kwa limfoma, cha muhimu ni kuzitaja tarehe, kwa sababu tezi za kwapani upande wa sindano huweza kuvimba kwa wiki kadhaa na kwenye picha zikaonekana kama ugonjwa umesambaa. Anayempiga picha aambiwe alichanjwa lini na mkono upi. Mwenye saratani ya titi achanjwe upande usio na ugonjwa, hasa kama alitolewa tezi za kwapa. Na kama chembe sahani za mama, zile zinazogandisha damu, ziko chini, amwambie mchanjaji kabla ya sindano, kisha abonyeze pamba bila kusugua kwa dakika kadhaa.