Upandikizaji wa mapafu "wa kibinafsi"?

SWALI: Naandika makala kuhusu ugonjwa wa makovu ya mapafu, na jinsi vinasaba vinavyowasaidia madaktari kumpangia kila mgonjwa matibabu yake anapopandikizwa mapafu. Kichwa changu, "Upandikizaji wa Kibinafsi wa Mapafu kwa Jenetiki", kimekataliwa na mhariri. Kosa liko wapi?

JIBU: Namuunga mkono mhariri wako. Kisarufi kichwa hakina kosa, ila msomaji akiona "upandikizaji wa kibinafsi" atawaza bili kabla ya vinasaba. Wakenya husema hospitali ya kibinafsi, Watanzania hospitali binafsi, na wote wanamaanisha isiyo ya serikali. Usijaribu kujinasua kwa "uliobinafsishwa", maana hapo utakuwa umeyauza mapafu kama shirika la umma.

"Mahususi" ni afadhali, lakini hudai kukamilishwa: mahususi kwa nani, au kwa ugonjwa gani?

Mimi ningeacha kusaka kivumishi, nikatafuta vitenzi. Daktari anafanya nini hasa? Baadhi ya wagonjwa hawa wana mabadiliko katika jeni kama TERT au RTEL1, na telomea zao, yaani ncha zinazokinga kromosomu, ni fupi kuliko kawaida. Ufupi huo hauishii mapafuni. Uboho, unaotengeneza seli za damu, nao huweza kudhoofika. Sasa, aliyepandikizwa hana budi kutumia dawa za kuidhibiti kinga ya mwili ili isiyakatae mapafu mapya, na baadhi ya dawa hizo, kama azathioprini na maikofenoleti, huweza kupunguza seli nyeupe za damu. Mwenye telomea fupi yumo katika hatari kubwa zaidi ya kupungukiwa na seli hizo. Daktari akilijua hilo mapema, anaweza kupunguza dozi, kubadili dawa, au kumpima damu mara kwa mara zaidi.

Basi vitenzi unavyo: kupima, kupunguza, kubadili. Kichwa kingeweza kuwa "Vinasaba Vyasaidia Kuwachagulia Dawa Waliopandikizwa Mapafu". Ndani ya makala, "matibabu yanayozingatia vinasaba vya mgonjwa" yatatosha. Ni maneno mengi, najua, lakini hakuna atakayeyaelewa vibaya.

Kuhusu jenetiki: hiyo ni taaluma. Kinachopimwa ni vinasaba, na TERT ni jeni. Tena, usiuite ugonjwa wenyewe "wa kurithi" bila kubagua. Wapo wanaourithi katika ukoo, lakini makovu ya mapafu hutokana pia na vumbi la kazini, baadhi ya dawa, tiba ya mionzi, na mara nyingi chanzo hakijulikani.

Jambo la mwisho, ambalo hukuliuliza: "mgonjwa alipandikizwa pafu" ni sawa kabisa, kwa kuwa anayepandikizwa ndiye mpokeaji. Ila ukiandika "pafu lake lilipandikizwa", msomaji hajui kama unamzungumzia mpokeaji au aliyelitoa.