Mnaotaka kuunganisha vikundi vya shule kwenye tamasha, someni hii kwanza

Tangu zile klipu za shule zetu tatu kupiga wimbo mmoja kwenye tamasha la vijana zianze kuzunguka kwenye magrupu ya walimu, simu yangu haijapoa. Mwalimu mmoja wa shule ya kata kaniandikia, "Shikamoo mwalimu, sisi tuna kwaya na shule ya jirani wana ngoma, tunataka tupande jukwaa moja, tuanzie wapi?" Nikaanza kumjibu kwa wasap, jibu likawa refu mno, nikaona bora nililete hapa maana najua wengi mna ndoto hiyohiyo.

Kwanza niseme nimefurahi na sifichi. Shule tatu za hapa Dodoma, moja ina kwaya nzuri ya sauti nne, moja ina kinanda na magitaa, na sisi tuna marimba ya Kigogo, ile ya vyuma vya kupigwa kwa vidole gumba, zeze na mabinti wanaopiga muheme, ngoma ile ya Kigogo wanayoibana katikati ya mapaja. Wote wimbo mmoja, jukwaa moja, na watu walisimama kabla hata wimbo haujaisha.

Sasa ili mnielewe kwanini nakazania ninachokazania, kuna kitu kilitupata huko nyuma. Tulialikwa kwenye tamasha lingine la vijana, sitasema la nani, tukapangwa kupiga wakati mgeni rasmi anashuka kwenye gari. Tukapiga, akatupungia mkono, akaenda kukaa, tukaambiwa haya watu wa ngoma asanteni pumzikeni. Basi. Kwaya zikapanda moja baada ya nyingine, sisi tuko chini ya mti na ngoma zetu, na binti mmoja ananiuliza, "Mwalimu, zamu yetu saa ngapi?" Iliniuma, na mpaka leo nikikumbuka inaniuma, kwasababu wale watoto walikuwa wamejiandaa kama wenzao, ila mtu alishaamua kwamba ngoma ni ya kupokelea wageni na muziki ni wa wengine.

Ndo maana safari hii nilivyoitwa kwenye kikao cha kupanga wimbo wa shule tatu nikasema sharti langu ni moja. Wimbo wa pamoja ndo uanze kufanyiwa mazoezi kabla ya nyimbo za kila shule, na marimba ndo itoe sauti, wengine wote waifuate. Walimu wengine waliguna.

Niwaelezee sababu. Mkiacha wimbo wa pamoja uwe wa mwisho, kila shule inakuja na ufundi wake umeshaiva, hakuna anayetaka kupunguza kitu, mnaishia kupokezana maiki tu halafu mnaita ushirikiano. Na kuhusu marimba, sauti ya mtoto inapanda na kushuka unavyotaka, gitaa unakaza nyuzi, kinanda kina vitufe vya kuhamisha sauti, ila marimba vyuma vyake vimeshapangwa na vimepangwa Kigogo. Ukiisikiliza vizuri utasikia do, re, mi, so halafu ta, yaani ti iliyoshushwa, na hiyo ta iko chini ya ile ya kwenye kinanda kwa kama theluthi moja ya nusu toni, yaani ya ile hatua ya kutoka kitufe kimoja cha kinanda mpaka cha jirani yake. Mi nayo iko chini kidogo. Hapo hakuna kosa lolote, ndo muziki wa Wagogo ulivyo, na marehemu Hukwe Zawose, mwanamuziki wa Kigogo aliyekuwa Chuo cha Sanaa Bagamoyo ambacho siku hizi ni TaSUBa, Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, aliipeleka marimba ya Kigogo mpaka kwenye majukwaa ya Ulaya.

Mazoezi ya kwanza yule kijana wa kinanda aliweka kodi kubwa ya vidole vinne, yaani noti nne kwa mpigo mmoja, na kijana wangu wa marimba akasimamisha vidole gumba juu ya vyuma, akainamisha sikio, akasema "mwalimu, mbona zinagombana?" Mwalimu mmoja akashauri tuvisogeze vile vyuma vifanane na kinanda. Inawezekana kabisa, ukikisogeza chuma kikawa kifupi kinapanda, kikiwa kirefu kinashuka, lakini nilikataa, maana nyimbo zetu nyingine zote zingepoteza ladha yake kwa ajili ya wimbo mmoja. Tulichofanya, marimba yetu do yake inakaa katikati ya F na F shapu, vitufe viwili vinavyofuatana kwenye kinanda, kwahiyo kinanda tukakishusha mpaka do zikakaa sawa, halafu tukamwambia yule kijana apige do na so peke yake, hizo mbili hazina ugomvi na mtu. Mi na ta akaziachia marimba na waimbaji. Kwaya nao tukawanyang'anya makaratasi ya solfa, yale yenye do-re-mi zilizoandikwa, wakakaa chini kuizunguka marimba wakawa wanaisikiliza na kuiga. Sauti ya pili ndo walikuwa wa kwanza kuipata ile ta, na walivyoipata, jamani, darasa zima lilinyamaza, hata yule mwalimu aliyetaka kusogeza vyuma alikuja kunishika mkono.

Mambo ya vibali, nauli na chakula mnayajua, sitapoteza muda huko.

Ila ndugu zangu walimu tuambiane ukweli, sisi ndo tunaowagawa hawa watoto. Watoto walishazoeana siku ya kwanza, wanafundishana muheme, wanachekeana, sisi tunagombania nani ashike fimbo ya kuongoza na fulana ya nani iwe mbele. Acheni. Changanyeni watoto kwenye kusimama, sauti ya kwanza wa shule zote wakae pamoja, msiwapange kwa sare. Wavulana wanaovunja sauti msiwafukuze wala msiwalazimishe kupanda, wapeni noti chache za chini wanazoziweza. Na shule yenye vifaa vichache ndo ichague wimbo, narudia tena, yenye vifaa vichache ndo ichague, kwasababu mwenye uwezo wa kubadilika ndo anatakiwa amfuate asiyeweza.

Mwisho ni jukwaa. Wapiga ngoma wawekeni katikati nyuma, msiwapeleke pembeni ya uwanja eti wapendeze, sauti inatembea mita kama 340 kwa sekunde, wakikaa mita 30 mbali mapigo yatawafikia waimbaji yamechelewa na wimbo utaburuzika. Muheme zina nguvu zenyewe, hazihitaji spika. Nendeni mapema, mkae na fundi mitambo kabla watu hawajaingia, na maiki ya kwanza atakayoitoa aiweke kwenye marimba, kabla hata ya mwimbaji kiongozi. Akikwambia "hiyo si ya kienyeji tu, itasikika", usiondoke hapo mpaka aiweke.