Kasi ya wimbi la kilimo haisemi ni nani aliyehama

SWALI: Mtaalamu, naandika tasnifu kuhusu kuenea kwa kilimo cha awali barani Ulaya. Nimetumia mlinganyo wa Fisher, unaoeleza jinsi idadi ya watu inayoongezeka na kutawanyika inavyosonga mbele kama wimbi, na modeli yangu inatoa kilomita 1 kwa mwaka, sawa kabisa na tarehe za kaboni-14, yaani umri uliopimwa wa mabaki ya kale. Naweza kuandika kwamba nimethibitisha kuwa wakulima waliwaondoa wawindaji na kukalia ardhi yao? Msimamizi wangu anakataa.

JIBU: Msimamizi wako yuko sahihi. Swali hili hunifikia mara kwa mara, na karibu kila mwulizaji ana grafu nzuri na hitimisho ambalo grafu hiyo haiwezi kulibeba.

Tuikague hesabu yenyewe. Kasi ya wimbi ni mara mbili ya kipeuo cha pili cha r kuzidisha D. Weka ongezeko la watu, r, kuwa 0.032 kwa mwaka, na mtawanyiko, D, yaani kiasi watu wanavyohama kutoka walikozaliwa, kilomita za mraba 15.44 kwa mwaka. Unapata kilomita 1.4 kwa mwaka. Mwaka 1999 wanafizikia Fort na Méndez walikumbusha kwamba mtoto hahami siku anayozaliwa. Hukaa na wazazi mpaka akue. Ukiingiza ucheleweshaji wa kizazi cha miaka 25, unagawanya kwa 1.4 na kubaki na kilomita 1, ile waliyoipima mwanaakiolojia Ammerman na mwanajenetiki Cavalli-Sforza mwaka 1971.

Sasa punguza r iwe 0.020, kisha ruhusu wawindaji wajiunge na wakulima kwa kuoleana au kwa kujifunza kulima. Kwenye ukingo wa wimbi wakulima ni wachache na wawindaji bado wamejaa, kwa hiyo kila anayejiunga huingia kwenye mlinganyo kama mtoto aliyezaliwa. Kama kujiunga huko kunaongeza 0.012 kwa mwaka, jumla inarudi 0.032, na mlinganyo wa Fisher unakupa 1.4 ile ile. Historia mbili zilizo mbali kabisa, namba moja. Ndiyo maana nasema hujathibitisha chochote kuhusu kuondolewa kwa wawindaji.

Kinachozitenganisha ni kile kinachoachwa nyuma ya wimbi. Wawindaji wakijiunga, vinasaba vyao huzidi kujikusanya miongoni mwa wakulima kadiri wimbi linavyokwenda mbali na chanzo chake. Vinasaba vya kale, vilivyotolewa kwenye mifupa ya watu wa wakati huo, vimeonyesha kwamba wakulima wa kwanza wa Ulaya ya kati walikuwa, kwa sehemu kubwa, wa asili ya Anatolia (Uturuki ya leo), wakiwa na mchango mdogo tu wa wawindaji wa huko. Kwa hiyo huenda dai lako la uhamaji likasimama kwa eneo hilo, lakini litasimama juu ya ushahidi huo, si juu ya kasi. Na usichanganye mambo: mwaka 2012 Fort alikadiria kwamba kuenea kwa utamaduni, yaani wawindaji kugeuka wakulima, kunaeleza takriban asilimia 40 ya kasi. Hiyo ni asilimia ya kasi, si ya watu. Nimeona ikinukuliwa kana kwamba wakulima 40 kati ya 100 walikuwa wawindaji waliogeuka, na inaniudhi.

Linaloniudhi zaidi ni programu ambazo mtu anasogeza r na D mpaka mstari ulale juu ya nukta, kisha anatangaza ugunduzi. Ukiwa huru kuchagua namba zote mbili, kasi yoyote utaipata. Zile nilizotumia hapo juu hazikuokotwa: r ilitokana na jamii zilizohamia ardhi isiyo na watu, kama kisiwa cha Pitcairn katika Bahari ya Pasifiki, na D ilitokana na takwimu za uhamaji za Wamajangir wa Ethiopia. Zilipimwa kwingine kabla ya kuletwa Ulaya, na hilo ndilo linaloupa ulinganifu wake uzito. Hivyo mtu akikuletea modeli inayolingana na data, muulize kwanza namba zake zilitoka wapi. Akijibu kwamba zilichaguliwa kwa sababu zinalingana, rudisha karatasi yake.

Muulize pia kuhusu wastani. Kilomita 1 kwa mwaka ni ya bara zima. Kando ya pwani ya magharibi ya Mediterania kilimo kilikwenda kwa kasi kubwa zaidi, watu wakisafiri kwa vyombo vya majini, na mlinganyo wa watu wanaotawanyika nchi kavu hauna nafasi ya chombo. Kaskazini kilisimama. Wakulima wa awali walifika katika nyanda za Ujerumani ya kaskazini kabla ya mwaka 5000 KK, lakini watu wa Ertebølle nchini Denmark waliendelea kuvua na kuwinda hadi karibu 4000 KK, huku wakibadilishana vitu na majirani zao wakulima. Mstari wako mmoja ulionyooka unapita juu ya miaka hiyo elfu moja kana kwamba haikuwapo. Igawe data yako kwa maeneo, piga hesabu ya kasi ya kila eneo peke yake, kisha mrudie msimamizi.