Watu wa Middlesbrough si wavivu, mwanangu

Mwanangu mpenzi,

Salamu zako zimefika, na swali lako limeninyima usingizi. Unasema mfanyakazi mwenzako huko London amekwambia Middlesbrough, mji wetu huu wa kaskazini mashariki mwa Uingereza, ni mji wa wavivu wanaongojea posho ya serikali, nawe ukakosa la kumjibu. Sasa unaniuliza mimi niliyekulea hapa kama ni kweli.

Si kweli hata kidogo. Mwaka 1801 hapa waliishi watu 25 tu, wakulima. Mwaka 1829 mfanyabiashara Joseph Pease na wenzake wakanunua ardhi kando ya mto Tees wapate bandari ya kupakia makaa ya mawe, na mwaka uliofuata reli ikafika. Lakini kilichoukuza mji hasa ni chuma. Bolckow, Mjerumani, na mshirika wake Vaughan walikuwa tayari na kiwanda cha chuma hapa. Mwaka 1850 Vaughan akagundua mawe yenye madini ya chuma katika vilima vya Eston, vilevile tulivyokuwa tukipanda Jumapili ukilalamika miguu inauma. Kufikia 1901 watu walizidi 90,000. Wengi walitoka Ireland, Wales na vijiji vya mbali. Karibu kila mtu alikuwa mgeni, kama sisi tulivyokuwa. Lile daraja kubwa la Sydney, lililofunguliwa 1932, lilijengwa na Dorman Long, kampuni ya hapahapa, na chuma chake kingi kilitoka huku. Mvivu hajengi daraja la namna ile.

Tatizo, mwanangu, ni kwamba mji mzima ulikula kutoka chungu kimoja. Machimbo ya Eston yalifungwa 1949, mawe yakawa yanaletwa kwa meli kutoka nje, na viwanda vikapungua mwaka hadi mwaka. Mwaka 2015 bei ya chuma duniani ikaporomoka, na lile tanuri kubwa la kuyeyushia chuma la Redcar, mji jirani, likazimwa. Watu wapatao 2,200 walipoteza kazi.

Mmoja wao ni mzee wa nyumba ya pili, yule aliyekufundisha kuendesha baiskeli. Mikono yake imejaa alama za kuungua, ndogondogo kama punje za mtama. Alinieleza kwamba tanuri la namna ile haliwashwi asubuhi na kuzimwa jioni kama jiko. Linawaka usiku na mchana kwa miaka, na likishapoa kwa kuachwa tu, kulifufua ni shida kubwa. Ndiyo maana aliumia sana. Mkewe aliniambia wiki zile bado aliamka saa kumi alfajiri, akavaa viatu vyake vya kazi, akakaa kwenye ngazi mpaka kunapambazuka. Huyo ndiye anayeitwa mvivu.

Novemba 2022 walipolilipua tanuri, nilikwenda naye ufukweni kutazama. Tuliliona likiinama kwanza, ndipo mshindo ukatufikia. Alivua kofia yake akaishika kifuani, asiseme neno. Nami nilinyamaza. Mtu kafiwa, utamwambia nini?

Basi mwambie mwenzako habari za mzee huyu. Na ukija Krismasi, usiweke begi chini kabla hujapita kwake kumsalimia, kila wiki ananiuliza, "Mtoto wetu anakuja lini?"

Akupendaye,
Baba yako